Funguo Ndani ya Friji

Mmenisumbua muda mrefu sasa, nyinyi vijana mnaokutana Jumamosi kwenye mgahawa ule wa Lewisham. Mnasema Waswahili tunaofanya kazi za tamthilia na filamu katika mji huu tunaenea kwenye meza moja, na kwamba aliyetangulia akistaafu bila ya kuacha neno, huo ni uchoyo. Haya. Nimestaafu, wakati nnao, na nje mvua haijaamua kama inanyesha au inatania. Lakini msitarajie nikuhadithieni tuzo na wakubwa niliowashika mikono. Tuzo zangu ziko kwa binti yangu Samira, na moja anazuilia mlango wa jikoni usijifunge.

Nitakuelezeni nilivyoanza, walionifunza, na mambo mawili matatu ya kazi ambayo hamtafundishwa chuoni. Halafu nitakuelezeni kosa moja. Wallahi kosa hilo ndilo lililonikalisha hapa kuandika, na haya mengine yote ni njia ya kulifikia.

Nilizaliwa Unguja, mjini. Nilikuwa na miaka saba baba yangu alipochukuliwa nyumbani, baada ya mapinduzi, saa za alasiri. Walikuja watu wanne wakamwambia avae viatu. Akavaa, akasimama mlangoni, akamwambia mama maneno, kisha akafuatana nao. Hakurudi, na kaburi lake hatulijui mpaka leo. Mimi nilikuwa uani. Niliona midomo yake inavyokwenda, lakini sikusikia kitu.

Tangu siku hiyo nikawa namuuliza mama: baba alikwambia nini? Naye jibu lake lilikuwa moja: "Kula chakula chako." Tukatoka Unguja tulivyotoka, tukafika London, tukapewa fleti ya kaunsili, ya serikali ya mtaa, huko Edmonton, ghorofa ya pili. Mama akafanya kazi ya usafi kwenye maofisi, nikaota ndevu, na bado nikimuuliza ananiambia nile chakula changu. Nikajifunza kuuliza mara chache. Sikujifunza kutotaka kujua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipopata kazi ya kufagia jukwaa katika ukumbi mdogo wa tamthilia kusini ya mto. Nilimwambia mama nimepata kazi, sikumwambia kazi gani, naye akanipigia pasi suti ya pekee iliyokuwemo ndani, ya marehemu mjomba. Nikaenda kufagia na tai shingoni. Aliyenipokea alikuwa Doreen, meneja wa jukwaa, mwanamke mfupi mwenye penseli mbili nyweleni, ambaye miaka yote niliyomjua alizungumza kwa kunong'ona, hata kituoni akisubiri basi. Alinitazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye tai.

"Suti nzuri," akaninong'oneza. "Ule ukuta umepakwa rangi asubuhi hii. Usiuegemee."

Kabla ya saa sita nilikuwa nimeshauegemea. Mama aliisugua suti ile kwa mafuta ya taa siku mbili, na rangi ya kijani haikutoka.

Doreen ndiye mwalimu wangu, na Mungu amlipe. Kila kitu alikiandika kwa penseli, hata siku moja si kwa wino, kwa sababu mwongozaji, alivyosema, ni mtu anayebadilisha mawazo yake kisha akasahau kuwa ameyabadilisha. Alinifunza kubandika utepe sakafuni kuonyesha kuta za nyumba ambayo maseremala bado hawajaijenga, ili waigizaji wafanye mazoezi wakijua mlango uko wapi. Baada ya wiki moja nikawa siwezi kuuvuka utepe kwenda chooni. Nazunguka natafuta mlango. Yeye akiniona anacheka bila ya sauti.

Kubwa alilonifunza lilikuwa hili. Katika mazoezi, mtu mmoja hushika kitabu chenye maneno ya mchezo, na mwigizaji akisahau, huyo humrushia neno la kwanza ili aendelee. Nikaiona kazi nyepesi. Siku moja Doreen alipanda juu kushughulikia taa, akaniachia kitabu. Jukwaani alikuwepo Leonard, mwigizaji mzee, anazungumza na kiti kitupu cha marehemu mkewe. Katikati ya maneno akanyamaza. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikamrushia neno. Leonard akanigeukia polepole.

"Rafiki yangu," akasema, "nilikuwa naelekea huko huko."

Akatoka kwenda kuvuta sigara. Aliporudi alikijaribu tena kile kimya chake, mara tatu, mara nne, na mchezo ulipokwisha wiki zake zote bado alikuwa hajakipata kama siku ile. Doreen hakunigombeza. Alinipeleka pembeni akaninong'oneza: "Usitazame mdomo, tazama macho. Aliyesahau, macho yake yanakimbia huku na huku, yanatafuta pa kushika. Anayenyamaza kwa kusudi, macho yake yametua mahali. Huyo muache. Hata ukiona mwaka unapita, muache." Nikaiandika kwenye daftari langu, kwa penseli, kama alivyonifunza. Pengine hii moja ningeiandika kwa wino.

Miaka ikaenda, nikatoka kwenye ufagio nikaingia kwenye kuongoza. Namna ilivyokuwa haina utamu wa kusimulia. Mchezo wangu wa kwanza mama alikuja, akakaa mstari wa mbele, mkoba wa vileja mapajani. Kulikuwa na sehemu mwanamke mjane anataka kumtilia saini tapeli anayetaka kumchukulia nyumba. Mwigizaji alipoinua kalamu, mama akasimama: "We mwanamke! Usitie saini! Mwizi huyo!" Kwa Kiswahili, mbele ya ukumbi mzima wa Waingereza. Na yule mwigizaji, maskini, kalamu ikamganda mkononi. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kusita kwa kweli kama usiku ule wa kwanza, akaniuliza kama mama anaweza kuja kila siku.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi Edmonton mama akaniuliza, "Kwa hiyo kazi yako ni kuwaambia watu wazima wakae wapi?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanakusikiliza?"

"Baadhi yao."

"Una bahati," akasema. "Mimi nnaye mmoja tu na hanisikilizi."

Nilipoingia kwenye filamu nilikuta ulimwengu mwengine. Jukwaani kosa likitokea linapita, na kesho ni siku mpya. Kwenye filamu unasema "cut", kamera inasimama, na unaweza kusema tena, na tena, na tena, na mimi neno hilo liliniingia vibaya. Pawe na punje ya vumbi kwenye lenzi, tena. Pawe na ndege juu, tena. Yuko mwigizaji mmoja nilimliza mara kumi na nne siku moja, machozi ya kweli, na ile tuliyoitumia ni ya pili. Nyuma ya mgongo wangu wakanipa jina, Bwana Mara Moja Tena. Nilijua. Nilijifanya sijui, na moyoni nikalifurahia.

Rafiki yangu katika kazi hiyo alikuwa Colin, mtu wa sauti, mrefu kama mlingoti na mkimya, masikio yake yamefunikwa na vipokeasauti tangu asubuhi mpaka jioni. Colin alinifunza mambo mawili ambayo nataka myashike.

La kwanza ni friji. Mkienda kurekodi nyumbani kwa mtu, zimeni friji. Sikio la binadamu limeuzoea mngurumo wake, haliusikii tena, lakini maikrofoni inausikia na inauhifadhi. Na yule aliyelizima atie funguo zake za nyumbani ndani ya friji, pale karibu na maziwa. Hivyo hawezi kuondoka bila ya kulifungua, na akilifungua atakumbuka kuliwasha, na mwenye nyumba hataamka kesho akakuta nyama yake imeoza. Nyinyi mnacheka, lakini sijaona kikumbusho cha simu kilichoshinda hicho.

La pili ni nusu dakika. Kabla ya kufungasha vyombo, Colin alikuwa akiomba kila mtu abaki pale alipo, asiseme, asijikune, naye anarekodi ukimya wa chumba. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri anauhitaji wa kujazia anapokata maneno. Na lazima watu wenyewe wawemo, kwa sababu chumba chenye watu watano wanaopumua hakina ukimya wa chumba kitupu. Nimesimama katika nusu dakika hizo mara nyingi sana. Huwa nafikiria chakula.

Sasa nimefika nilipokuwa napakwepa.

Samira alikuwa na miaka kumi. Walipewa kazi skuli wawaulize wazee wao walikotoka, akaenda kwa bibi yake Edmonton na daftari. Samira Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Bibi yake naye Kiingereza anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiswahili, na walielewana kuliko mimi na yeyote kati yao. Mtoto akamuuliza babu yuko wapi. Jioni ile mama akanipigia simu.

"Mtoto ameniuliza," akasema. "Nilimwambia ale chakula chake, akaniambia ameshakula."

Nikafunga mlango wa chumba. 

"Basi nitasema. Aliyoniambia baba yako pale mlangoni, nitayasema. Lakini mara moja tu. Lete kamera yako, nseme, na mkitaka kusikia tena muiulize kamera, msiniulize mimi."

"Mara moja, mama."

"Usinirudisherudishe kama unavyowafanya wale watu wako."

"Sitakurudisha," nikamwambia. Nilimwahidi hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Tulikwenda Alhamisi, mimi, Colin na mpiga picha mmoja. Mama alikuwa amevaa gauni lake la Idi, amejitanda mtandio wa zambarau, na fleti nzima inanukia udi. Alikuwa amekaanga sambusa za watu ishirini akazipanga kwenye friji, kwa sababu wageni watatu kwake ni umati. Tukamkalisha kwenye kiti chake mkabala wa mlango, Colin akambandika maikrofoni ndogo kifuani, mimi nikazima friji nikatia funguo zangu mle ndani karibu na maziwa. Asubuhi yote alizungumza vizuri: utoto wake, harusi yake, siku niliyozaliwa mimi. Adhuhuri tukapumzika. Alisali, akaingia jikoni akatupikia chai ya maziwa na iliki, tukanywa, tukarudi kwenye viti.

Akaanza ya siku ile.

"Wakamwambia avae viatu," alisema. "Cha kulia akavaa. Cha kushoto kamba ikamshinda. Nikainama nikamfunga mimi."

Hili sikuwahi kulisikia. Miaka yote nilikuwa nikimuona baba yangu anavaa viatu vyake mwenyewe.

"Akanyanyuka. Akasimama mlangoni. Akanitazama, akaniambia..."

Akanyamaza. Nikatazama macho yake, na yalikuwa yametua pale mlangoni, hayaendi kokote. Alikuwa anamuona. Mtu yeyote aliyefunzwa na Doreen angejua la kufanya, nalo ni kukaa na mikono yako mapajani hata mwaka upite.

Hapo friji likazinduka. Lilikuwa friji kuukuu, likatikisika kwanza, kisha likaanza kunguruma. Nikamgeukia Colin. Na Colin, mtu aliyeichukia sauti ya friji kuliko mtu yeyote niliyemjua, akanitikisia kichwa: liache, liache lingurume. Nilimuona. Nataka mjue kwamba nilimuona.

Nikasema, "Cut."

Mama akashituka kama mtu aliyeamshwa. "Nini? Kuna nini?"

"Friji, mama. Nani kaliwasha?"

"Mimi. Nimefungua kuchukua maziwa, nakuta funguo zako mle ndani. Nikasema maskini mwanangu, kazi imemchosha mpaka anatia funguo kwenye friji. Tena lenyewe limezimika, na sambusa zenu zimo. Funguo nimekutundikia pale msumarini, usizisahau."

Ningecheka. Mtu mwenye akili angecheka, angemshika mkono. Mimi niliona haya mbele ya wenzangu, nikamwambia mama yangu kwa ile sauti ya kazini, "Mama, usiguse kitu bila ya kuniuliza." Ndani ya nyumba yake, friji lake, na sambusa alizonikaangia mimi.

Nikalizima. Nikarudi kwenye kiti. "Haya, mama. Tuanzie pale alipovaa viatu."

"Tuanzie vipi?"

"Urudie kidogo tu."

Akautengeneza mtandio wake. Kisha akarudia, kwa sababu alikuwa mama yangu na nimemuomba. Wakamwambia avae viatu, akavaa. Kamba hakuitaja. Akasimama mlangoni, akaondoka. Alilisema lote kama mtu anayesoma barua ya watu wengine, macho yananitazama mimi, aone kama ninaridhika.

"Alikwambia nini, mama?"

"Nilikuwa nimeshafika mlangoni," akasema. "Ukanirudisha."

"Mara moja tena tu, mama."

"Nimechoka, mwanangu. Siku nyengine."

Sikumlazimisha, na kwa hilo nilijisifu. Colin akaomba nusu dakika yake. Mama akauliza sasa tunarekodi nini na hakuna anayesema. Nikamwambia tunarekodi ukimya wa chumba. "Makubwa!" akasema. "Wazungu ukimya nao wanaubeba!" Tukacheka sote, hata Colin ambaye hakuelewa neno. Kisha tukanyamaza nusu dakika, tukafungasha, tukala. Colin alikula sambusa saba. Hivyo ndivyo nilivyoikumbuka siku ile kwa miaka kumi na minane.

Siku nyengine haikufika. Nilikuwa na mchezo unaofunguliwa, halafu waigizaji wa filamu nyengine wakapatikana kabla ya wakati, halafu hiki, halafu kile. Kila Ijumaa nilimpigia simu nikamwambia wiki ijayo, naye ananiambia, "Haya, mimi nipo." Mwezi wa tatu akapigwa na kiharusi akiwa anatandika kitanda. Mkono wa kulia ukaenda, na maneno yakaenda yote.

Aliishi mwaka mmoja na miezi baada ya hapo, katika fleti ile ile. Walikuja wanawake wa kumhudumia asubuhi na jioni, mmoja wao Mpemba, akimwimbia huku akimgeuza. Mimi nikapata nafasi ya kukaa naye niliyokuwa siku zote sina. Nilikaa pembeni ya kitanda natazama midomo yake. Ilikuwa inakwenda, inajaribu, na mimi sisikii kitu. Miaka hamsini duniani nimeisogelea, na nimerudi pale pale uani. Siku moja aliinua mkono wake mzima akauelekeza mlangoni. Nikamuuliza, "Baba?" Akafumba macho, chozi likamtoka likaingia sikioni. Nikamfuta. Alifariki wiki chache baadaye, na tukamzika siku ya pili, watu wengi wa Unguja na Pemba, wengine sijui walisikia wapi.

Yale tuliyomrekodi mama niliyamaliza, nikayafanya filamu. Msiniulize nilipata wapi ubavu wa kukaa kwenye chumba cha uhariri na uso wake. Nilitumia ile ya pili: akasimama mlangoni, akaondoka. Na watu waliipenda. Wakasema mwongozaji amekuwa na heshima kubwa ya kutouliza. Wakasema alijua kuiacha siri ibaki siri. Nilisimama mbele ya ukumbi nikapokea kile kitu kizito cha shaba, nikashukuru, nikashuka. Ndicho hicho kinachozuia mlango wa jikoni kwa Samira, na mimi ndiye niliyemshauri akitumie hivyo.

Wazee wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu bado sijamuona, majuto ninayo. Kutoka hapo mpaka nimestaafu sikumkatisha tena mtu aliyenyamaza. Wengine mlifanya kazi na mimi miaka hiyo ya mwisho, na nasikia mlikuwa mnasema mzee ana subira ya ajabu. Haikuwa subira. Nilikuwa naogopa.

Mwezi uliopita Colin alikuja kuniaga. Anahamia pwani kwa dada yake, anasafisha nyumba, na katika vitu vyake alikuta tepu za siku ile. Alizileta ndani ya bati la biskuti. Akalizungushazungusha mikononi kabla ya kunipa.

"Sijazisikiliza," akasema. "Lakini mara nyingine huwa nachelewa kuzima. Ukisema cut, mimi naacha iende kidogo. Siahidi kitu. Ila sikutaka kuitupa."

Mnaelewa alichokuwa ananiambia. Huenda baada ya "cut" yangu mama alisema, kwa sauti ya chini, huku mimi nimeshasimama nikigombana na friji. Huenda maneno ya baba yangu yalikuwa ndani ya bati la biskuti miaka yote.

Nilikwenda nalo kwa Samira Jumapili mchana; hivi sasa ni mwanamke mwenye nyumba yake na kazi yake. Tukaazima chombo cha kuchezea tepu. Kabla sijakaa nikamuona amekwenda jikoni, akazima friji, akatia funguo zake mle ndani, akarudi akakaa karibu yangu. Hakuna aliyemwambia. Nikaona haya kulia mapema, nikajishughulisha na nyaya.

Tukasikiliza yote ya asubuhi ile, harusi, kuzaliwa kwangu. Tukafika kwenye kamba ya kiatu. *Akaniambia...* Na ukimya wake, na friji, na "Cut." Nikaziba pumzi. Colin kweli alichelewa kuzima, sekunde nne. Ndani yake mna mama anauliza kuna nini, na mimi namuuliza nani kaliwasha. Basi.

Tukasikiliza ile ya pili nayo. Samira alinishika mkono. Iliyobaki ilikuwa nusu dakika ya ukimya wa chumba, nami nikanyoosha kidole kuzima, kwa sababu ukimya ule niliujua.

"Leave it, Dad," Samira akasema. "That's Bibi breathing."

Nikaacha. Kweli alikuwa anapumua. Maikrofoni ilikuwa bado kifuani kwake. Colin alikuwa hajambandua. Nje linasikika basi linapita, kiti kinalia kidogo, bangili yake inagonga mkono wa kiti. Nikafikiri, haya, hii nayo ni kitu, nitabaki na pumzi zake. Nikafumba macho.

Kisha sauti yake, ndogo, ya karibu sana, kama anayeogopa kuniharibia kazi:

"Mwanangu. Nimefika tena. Nseme?"

Na sauti yangu, siikumbuki, naapa siikumbuki, ya mtu mwenye haraka aliyezoea kutiiwa:

"Sss, mama. Bado."

Akanyamaza. Sekunde kumi nzima, pumzi tu. Colin akasema ahsanteni. Viti vikasogea, mtu akacheka, nadhani mimi, nikasikika nauliza ziko wapi hizo sambusa. Na mama, kabla ya tepu kukatika:

"Haya. Kuleni chakula chenu."